Namna Diatomu Zinavyohimili Mazingira Magumu kwa Njia ya Spora Tuli: Kutoka Bahari za Ncha za Dunia hadi Mabonde ya Kilolo

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna diatomu, ambazo ni mwani wa seli moja wenye ganda la kioo, zinavyohimili giza, baridi na uhaba wa virutubishi kwa kuingia katika hali ya utulivu. Mfano mkuu ni diatomu za bahari za Aktiki na Antaktika. Hoja inayojengwa ni kwamba uhai wa spora hautegemei ugumu wake peke yake, bali hutegemea vilevile kuwapo kwa njia ya kurudi kutoka kwenye mashapo hadi kwenye mwanga. Hoja hiyo inatumiwa kuangalia Ziwa Viktoria, Ziwa Nyasa, Ziwa Masoko na mabonde ya Wilaya ya Kilolo, Mkoa wa Iringa.

1.0 Utangulizi

Mkulima wa Kilolo hahitaji kufundishwa kwamba kitu kilicholala si lazima kiwe kimekufa. Mbegu ya mahindi iliyotundikwa juu ya jiko baada ya mavuno hukaa miezi kadhaa katika moshi bila kuonesha dalili yoyote ya uhai, lakini mvua za Novemba na Desemba zinapoanza, huota. Katika kipindi chote hicho mbegu hiyo inategemea mambo matatu: chakula kilichohifadhiwa ndani ya punje, ganda linaloikinga, na mtu atakayeirudisha shambani. Likikosekana mojawapo, kinachobaki ni punje tu.

Makala hii inayatazama mambo hayo matatu katika kiumbe kisichoonekana kwa macho matupu, yaani diatomu. Maelezo mengi kuhusu uvumilivu wa diatomu husisitiza mambo mawili ya kwanza, chakula na ganda. Jambo la tatu, yaani njia ya kurudi, hutajwa kwa nadra. Hata hivyo, ni jambo hilo la tatu linaloweza kueleza kwa nini spishi moja hustawi mwaka baada ya mwaka na nyingine ikatoweka, ilhali zote zina uwezo wa kulala.

Ni vyema kufafanua istilahi mapema. Neno spora limezoeleka katika masomo ya biolojia kwa Kiswahili, hasa kuhusiana na kuvu. Spora za kuvu hutawanywa kwa wingi ili kiumbe kizaliane. Spora ya diatomu inayozungumziwa hapa haina kazi hiyo, kwani kwa kawaida seli moja hugeuka spora moja, na spora moja ikiamka hurejea kuwa seli moja. Kazi yake ni kuvuka kipindi kigumu. Kwa sababu hiyo makala inatumia istilahi spora tuli. Istilahi ya pili, seli tuli, inatumika kwa seli iliyolala bila kubadili umbo la ganda lake. Tofauti baina ya hizo mbili inafafanuliwa katika sehemu ya nne.

2.0 Diatomu na ganda lake

Diatomu hupatikana baharini, maziwani, mitoni, na hata katika udongo wenye unyevu. Nyingi zina ukubwa wa kati ya mikromita 2 na 200, hivyo huhitaji hadubini ili zionekane. Kila seli imefungwa ndani ya ganda lenye vipande viwili vinavyoingiliana kama kopo na kifuniko chake. Ganda hilo limejengwa kwa silika, yaani madini yaleyale yanayounda mchanga na kioo. Msomaji asiichanganye silika hii na silika ya tabia ya mtu. Ni maneno mawili yenye umbo moja.

Licha ya udogo wao, viumbe hawa wana mchango mkubwa. Inakadiriwa kwamba takribani sehemu ya tano ya usanisinuru wote wa dunia hufanywa na diatomu. Wadudu wadogo wa majini huzila, samaki huwala wadudu hao, na binadamu huwala samaki.

Ganda la kioo lina faida, lakini pia lina gharama mbili. Kwanza, ni zito, na seli isiyopata msukosuko wa maji huzama. Pili, haliwezi kujengwa pasipo silika iliyoyeyuka katika maji. Gharama hizi mbili zitaonekana tena na tena katika sehemu zinazofuata, kwani ndizo zinazoamua ni wakati gani diatomu inaweza kulala na ni wakati gani inaweza kuamka.

3.0 Ugumu wa bahari za ncha

Katika visiwa vya Svalbard, karibu na nyuzi 78 Kaskazini, jua halichomozi kabisa kwa karibu miezi minne ya majira ya baridi. Kwa kiumbe kinachojipatia chakula kwa mwanga, hicho ni kipindi cha njaa. Maji ya bahari huganda yanapofikia takribani nyuzi 1.8 za Selsiasi chini ya sifuri. Barafu inapoundwa, chumvi haiingii ndani ya fuwele zake. Hubaki katika vijitundu na vijifereji vyembamba vilivyomo kati ya fuwele hizo. Kadiri baridi inavyozidi ndivyo maji ya vijifereji hivyo yanavyokolea, hata chumvi ikawa mara tatu au zaidi ya ile ya bahari ya kawaida. Seli iliyonaswa humo hukabiliwa na giza, baridi na chumvi kwa pamoja.

Ugumu mwingine huja katika wakati ambao mtu angeutarajia kuwa wa neema. Majira ya kuchipua yanapoanza, jua hurejea, barafu huyeyuka, na maji mepesi yasiyo na chumvi nyingi hukaa juu ya maji mazito. Diatomu zilizo katika tabaka hilo la juu hupata mwanga mwingi na huongezeka kwa kasi kubwa. Baada ya wiki chache huwa zimemaliza virutubishi, hasa naitrojeni, na tabaka la juu haliruhusu virutubishi vya chini kupanda. Hivyo, diatomu za ncha hukumbwa na njaa mara mbili: njaa ya mwanga wakati wa baridi, na njaa ya virutubishi wakati jua likiwaka.

Si kila diatomu ya ncha huunda spora ili kukabiliana na hali hii. Fragilariopsis cylindrus, kwa mfano, hubaki na umbo lake la kawaida na hujikinga kwa protini zinazozuia fuwele za barafu kukua na kuidhuru. Lakini jenasi ya Chaetoceros na spishi kama Thalassiosira antarctica zinajulikana kwa kuunda spora tuli.

4.0 Uundaji wa spora tuli

Katika Chaetoceros, ishara ya kawaida ya kuanza kuunda spora ni kupungua kwa naitrojeni. Ndani ya saa chache hadi siku mbili hivi, seli hubadilika. Inajenga ndani ya ganda la zamani ganda jipya lililo nene zaidi, mara nyingi la mviringo, na katika spishi nyingi lenye miiba. Kloroplasti hujikunja na kusongamana, na rangi ya seli huwa nzito. Mafuta na wanga hulimbikizwa. Shughuli za ndani hupungua sana, hivyo akiba hiyo hutumika polepole. Hatimaye ganda la zamani huachwa, na spora, ikiwa nzito kuliko seli iliyoizaa, huzama.

Jambo linalostahili kuzingatiwa ni kwamba spora haiundwi na seli iliyokwishadhoofika kabisa. Ganda nene linahitaji silika, na akiba ya mafuta inahitaji nguvu ya kuitengeneza. Kuwata na wenzake (1993) walilichunguza suala hili kwa kutumia Chaetoceros pseudocurvisetus. Naitrojeni ilipokwisha lakini silika ikawapo ya kutosha, seli ziliunda spora tuli. Silika nayo ilipokosekana, seli hazikuweza kuunda spora. Zilibaki na umbo lao na kugeuka seli tuli. Spora zilivumilia kwa muda mrefu zaidi, ilhali seli tuli ziliweza kurejea kukua haraka zaidi hali ilipokuwa nzuri.

Kutokana na matokeo hayo, kulala kwa diatomu si kuzimika tu. Ni maandalizi yanayolipiwa mapema, kabla akiba ya mwisho haijakwisha. Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa diatomu, akiba isiyowekwa kwa wakati haiwezi kuwekwa tena baadaye.

Spora huweza kudumu muda gani? Katika maji baridi na yenye giza, uhai wa miezi na miaka ni jambo la kawaida. Katika tope lisilo na oksijeni, muda huo huongezeka sana. Härnström na wenzake (2011) waliotesha Skeletonema marinoi kutoka mashapo ya Mariager Fjord nchini Denmark yenye umri wa takribani miaka mia moja. Bolius na wenzake (2025) walifanya hivyo kwa spishi hiyohiyo kutoka mashapo ya Bahari ya Baltiki yenye umri wa karibu miaka 7,000, na seli zilizoamka ziliweza kukua na kufanya usanisinuru. Bahari hizo si za ncha, lakini masharti yaliyohifadhi seli hizo, yaani baridi, giza na ukosefu wa oksijeni, yapo pia katika mashapo mengi ya bahari za ncha.

5.0 Kuamka na njia ya kurudi

Ikiwa spora huzama, inarudije juu? Kwa muda mrefu kuzama kwa diatomu kulichukuliwa kuwa ni kifo. Smetacek (1985) alitoa hoja tofauti: kwamba kwa spishi nyingi kuzama ni hatua katika mzunguko wa maisha, kwani seli huondoka katika maji ya juu yasiyo na virutubishi na kwenda mahali penye baridi na giza ambapo matumizi ya akiba ni madogo.

Hoja hiyo ina sharti moja: lazima pawe na njia ya kurudi. Katika bahari ya kina kifupi karibu na pwani za ncha, njia hiyo ipo. Dhoruba za majira ya baridi hukoroga tope la chini. Maji yanapoganda, chumvi inayotoka katika barafu huyafanya maji ya chini yake kuwa mazito, nayo huzama na kuyasukuma mengine juu. Spora huinuliwa pamoja na maji hayo, na baadhi hunaswa katika barafu changa na kukaa humo hadi jua linaporudi.

Kufika juu pekee hakutoshi. Spora inapaswa kutambua kwamba wakati umefika. Mwanga ndio ishara kuu. Eilertsen na wenzake (1995), wakichunguza spora za maji ya kaskazini mwa Norway, walipendekeza kwamba urefu wa mchana huchangia kuamua ni lini spora za spishi mbalimbali zitaanza kukua. Kwa mahali ambapo mchana hubadilika kutoka saa sifuri hadi saa 24 ndani ya mwaka mmoja, hiyo ni saa ya ukutani isiyokosea.

Kwa upande mwingine, spora inayozama katika bahari ya kina cha maelfu ya mita haina matumaini ya kurudi. Karibu na visiwa vya Kerguelen na South Georgia, katika Bahari ya Kusini, spora za Chaetoceros zimeonekana kuwa miongoni mwa vibebaji muhimu vya kaboni kwenda vilindini. Kwa hali ya hewa ya dunia, hilo ni jambo la manufaa, kwa kuwa kaboni hiyo huondolewa katika mzunguko wa juu. Kwa spora yenyewe, ni safari ya upande mmoja. Ganda ni lilelile na akiba ni ileile. Kinachotofautisha uhai na mauti ni kina cha maji yaliyo juu yake.

6.0 Maziwa ya Afrika Mashariki

Hoja ya njia ya kurudi inasaidia kueleza mambo yaliyo karibu nasi. Katika maziwa ya Afrika Mashariki hakuna usiku wa miezi minne wala barafu. Diatomu mashuhuri za maziwa hayo ni za jenasi ya Aulacoseira, ambayo zamani iliitwa Melosira. Hizi ni nzito, zina ganda nene, huungana kama nyuzi, na jenasi yao inajulikana kwa kuacha seli tuli katika mashapo. Kinachozirudisha kwenye mwanga ni upepo.

Talling (1966), kwa vipimo vya miaka ya 1960 na 1961 katika Ziwa Viktoria, alionesha kwamba maji ya ziwa hilo huchanganyika kwa kina katikati ya mwaka, pepo za kusi zinapovuma, na kwamba diatomu hizi zilihusiana na kipindi hicho. Ziwa Viktoria lina kina cha juu cha takribani mita 80 tu, hivyo upepo una uwezo wa kuyafikia maji ya chini.

Miongo mitatu baadaye hali ilikuwa imebadilika. Hecky (1993) alieleza kwamba virutubishi vilivyoingia kutoka nchi kavu vilikuwa vimeongezeka, silika iliyoyeyuka katika maji ilikuwa imepungua kwa takribani mara kumi, na nafasi ya Aulacoseira ilikuwa imechukuliwa na Nitzschia, ambazo ganda lake ni jembamba, pamoja na sianobakteria. Mabadiliko hayo yanaeleweka vyema kwa kurejea gharama mbili zilizotajwa katika sehemu ya pili. Fosforasi ilipozidi, diatomu ziliongezeka na kuzika silika nyingi katika tope kuliko ile iliyorejeshwa. Spishi yenye ganda nene ilikosa malighafi. Wakati huohuo maji ya juu yalipopata joto na kutenganika zaidi na ya chini, spishi nzito ilipungukiwa na msukosuko wa kuiinua.

Kukosekana kwa oksijeni katika maji ya chini ya ziwa, ambako huua samaki, kwenyewe hakuwezi kuwa kikwazo kikuu kwa seli tuli. Tumeona kwamba tope lisilo na oksijeni huzihifadhi vizuri. Kikwazo ni mlango uliofungwa juu yake. Seli inaweza kuwa hai katika mashapo na bado spishi ikawa imetoweka katika chakula cha ziwa.

Ziwa Nyasa linaonesha hali nyingine. Kina chake kinafikia mita 700 hivi, na chini ya takribani mita 250 maji hayana oksijeni wala hayachanganyiki kikamilifu na ya juu. Kilichozama huko kiko katika hali inayofanana na ya spora za vilindi vya Bahari ya Kusini. Upande wa kusini wa ziwa, wenye kina kidogo na unaopata nguvu ya kusi kati ya Mei na Agosti, ndio unaofanana zaidi na pwani za kina kifupi za ncha.

Ganda la seli isiyorudi halipotei, bali hugeuka kumbukumbu. Katika Ziwa Masoko, ziwa dogo la kreta katika eneo la volkano la Rungwe, mkoani Mbeya, Barker na wenzake (2003) walisoma maganda ya diatomu katika mashapo yanayofikia umri wa miaka 50,000, na kutokana nayo wakafuatilia mabadiliko ya tabianchi na athari za majivu ya volkano. Huko Kariandusi nchini Kenya, maganda ya ziwa la kale yamerundikana hadi kuwa mwamba mweupe unaochimbwa. Tope moja, basi, ni ghala na ni makaburi kwa wakati mmoja. Ni seli ipi itakuwa upande upi huamuliwa na njia ya kurudi.

7.0 Mabonde ya Kilolo

Kilolo haina ziwa kubwa, lakini ina mabonde. Katika mabonde hayo wakulima hulima vinyungu, yaani matuta yanayotumia unyevu wa bondeni kuzalisha maharage, mahindi na mboga wakati wa kiangazi. Utelezi wa rangi ya kahawia unaoonekana juu ya mawe na tope la mifereji kati ya matuta hayo, kwa sehemu kubwa, ni diatomu.

Ugumu wa hapa ni ukavu. Souffreau na wenzake (2010) walionesha kwamba seli za kawaida za diatomu nyingi hazivumilii kukauka wala kuganda, na kwamba uvumilivu hupatikana zaidi kwa spishi chache za nchi kavu. Hantzschia amphioxys na Pinnularia borealis ni mifano ya diatomu za udongo zinazopatikana katika sehemu nyingi za dunia, zikiwamo nchi za ncha. Hizi kwa kawaida hazijengi spora zenye ganda jipya. Hulala kama seli tuli. Baridi ya Antaktika na ukavu wa kiangazi huleta tatizo linalofanana, kwani barafu nayo huinyima seli maji.

Kuna tofauti moja kubwa. Kilolo ipo karibu na nyuzi 8 Kusini, ambako mchana mrefu zaidi na mfupi zaidi wa mwaka hutofautiana kwa takribani saa moja tu. Urefu wa mchana hauwezi kuwa ishara yenye nguvu kama kule Norway. Ishara iliyo wazi ni maji yenyewe, na njia ya kurudi ni mvua ya kwanza. Kutokana na hali hiyo, kingo zenye unyevu na vidimbwi vinavyosalia wakati wa kiangazi vina thamani ambayo haionekani kwa macho: ndivyo vinavyoweza kutunza seli ambazo hazivumilii ukavu kamili. Mfereji unaofukuliwa hadi udongo mgumu na kuachwa ukauke wote kwa pamoja hupoteza hifadhi hiyo.

Jambo hili linaweza kujaribiwa katika shule yoyote. Udongo mkavu wa juu kutoka mfereji uliokauka uwekwe katika chupa safi ya kioo, uongezwe maji yaliyochemshwa na kupoa, na chupa ifunikwe na kuwekwa dirishani pasipo jua kali. Baada ya wiki moja au mbili, utando utakaojitokeza kwenye kioo utazamwe kwa hadubini ya shule. Kwa kuwa maji yalichemshwa, viumbe vitakavyoonekana vikisogea humo kwa sehemu kubwa ni vile vilivyokuwa vimelala katika udongo.

8.0 Hitimisho

Makala imeeleza kwamba diatomu za bahari za ncha huvuka giza na njaa kwa kuunda spora zenye ganda nene na akiba ya chakula, na kwamba maandalizi hayo hufanywa mapema, silika ikiwa bado ipo. Imeonesha pia kwamba maandalizi hayo hayatoshi. Pwani ya kina kifupi huirudisha spora, kilindi huizika. Upepo wa kusi uliirudisha Aulacoseira ya Ziwa Viktoria. Joto na upungufu wa silika vikaifungia.

Hivyo basi, swali linalofaa kuulizwa kuhusu kiumbe kilicholala si tu kwamba kinaweza kuvumilia kwa muda gani, bali ni nini kitakachokirudisha na je, kitu hicho bado kipo. Barafu ya Aktiki ikizidi kupungua na maji ya maziwa yetu yakizidi kupata joto, spora na seli tuli zitaendelea kuwa imara kama zilivyokuwa. Kinachobadilika ni njia, na njia ndiyo inayopaswa kufuatiliwa: mwendo wa upepo, mchanganyiko wa maji, kiasi cha silika, na unyevu unaosalia katika kingo za mfereji mwezi wa Oktoba.